Mzigo Usiofunguliwa: Mwisho wa Mfululizo wa Mass Effect na Haki ya Hadhira

Ikisiri

Makala hii inahakiki mwisho wa Mass Effect 3 (2012), mchezo wa tatu katika mfululizo wa bunilizi ya kisayansi uliotungwa na kampuni ya BioWare ya Kanada, pamoja na malalamiko ya wachezaji yaliyofuata. Uhakiki umeongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani dhana ya upeo wa matarajio. Hadhira ya mchezo imetazamwa kwa jicho la fasihi simulizi ya Kiswahili na la historia ya misafara ya Unyanyembe. Hoja kuu ni kwamba hadhira haikuchukizwa na huzuni wala fumbo la mwisho huo. Ilichukizwa na kunyang'anywa nafasi ya utendaji iliyokuwa imepewa tangu mchezo wa kwanza. Makala inaonesha pia kwamba marekebisho yaliyotolewa baadaye yalitoa maelezo mahali ambapo hadhira ilidai hesabu.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuupima mwisho wa kazi kwa vigezo viwili: funzo na ukamilifu wa msuko. Mhakiki huuliza iwapo mwovu amepata malipo yake, iwapo mgogoro umesuluhishwa, na ni ujumbe gani msomaji anabaki nao. Vigezo hivyo vinafaa kwa ngano na kwa sehemu kubwa ya riwaya. Vinapungukiwa nguvu pale kazi inapomtaka anayeipokea atende, achague na abebe matokeo ya uchaguzi wake hadi mwisho.

Michezo ya video ni kazi za namna hiyo. Katika miji ya Tanzania, vijana wa mitaa kama ile ya Kata ya Cheyo, Manispaa ya Tabora, wanaifahamu zaidi kupitia vibanda vya gemu, ambamo mtu hulipa kiasi kidogo akacheza mpira wa miguu au mapigano huku wanaosubiri zamu wakisimama nyuma yake na kumshauri. Mchezo wa mpira huisha kwa matokeo, na hakuna anayeuliza mwisho wake una maana gani. Hali ni tofauti katika michezo ya kusimulia, ambayo huchukua makumi ya saa na hudai kumbukumbu, huruma na uamuzi. Mwisho wake ukiharibika, kinachopotea ni zaidi ya burudani ya jioni moja.

Mass Effect ni mfano unaofaa kuchunguzwa kwa sababu malalamiko yake yalikuwa makubwa, yalifanyika hadharani, na yalimlazimu mtungaji ayajibu. Swali linaloongoza makala hii ni moja: je, hadhira iliyoshiriki kuijenga hadithi ina haki gani juu ya mwisho wake?

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 pale Konstanz, Ujerumani, alitoa hoja kwamba kazi ya fasihi haiwezi kueleweka bila kuzingatia matarajio ambayo msomaji anakuja nayo. Matarajio hayo, aliyoyaita upeo, hutokana na ujuzi wa utanzu, kazi zilizotangulia na maisha yenyewe. Kazi bora inaweza kuuvunja upeo huo na kuupanua. Kwa hiyo, kuvunjika kwa matarajio peke yake si kosa la kisanaa. Kinachopaswa kuulizwa ni nani aliyeyajenga matarajio hayo, na yamevunjwa kwa faida ya nini. Mwenzake, Wolfgang Iser, aliongeza kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa fikra zake. Katika mchezo wa video, pengo hujazwa kwa tendo.

Fasihi simulizi ya Kiswahili inalijua jambo hili kwa njia yake. Fanani hawezi kuanza ngano mpaka hadhira iitikie: Paukwa hubaki pungufu bila Pakawa. Mwisho nao una kanuni zake. Katika mkusanyiko wa Edward Steere wa ngano za Unguja, Swahili Tales (1870), kuna ngano inayofungwa kwa msimulizi kutamka kwamba hadithi ikiwa nzuri, uzuri ni wa wote, na ikiwa mbaya, ubaya ni wa aliyeitunga peke yake. Kanuni hiyo inakiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba hadhira ina fungu katika hadithi, na kwamba mwenye kuitunga ndiye anayebeba lawama. Watunzi wengi wa tenzi nao hufunga kazi zao kwa kujitaja na kuwaomba wajuzi wawasahihishe. Hadhira inayolalamika, kwa hiyo, si jambo geni katika mapokeo haya.

3.0 Safari na Mizigo Yake

Mfululizo ulianza Novemba 2007. Mhusika mkuu ni Kamanda Shepard, ambaye mchezaji humchagulia jinsi, sura na asili. Adui ni Wavunaji, mashine kubwa zenye akili ambazo kila baada ya miaka 50,000 hurudi na kuangamiza jamii zote zilizoendelea katika galaksi. Mass Effect 2 ulitoka Januari 2010, na Mass Effect 3 ukatoka Machi 2012.

Ubunifu mkuu wa mfululizo huu ulikuwa faili la hifadhi. Mchezaji aliyemaliza mchezo wa kwanza aliweza kulihamishia faili lake kwenye wa pili, na kutoka wa pili kwenda wa tatu, na maamuzi yake yakasafiri pamoja nalo. Kwenye sayari ya Virmire, mchezaji hulazimika kumwacha afe mmoja kati ya askari wake wawili, Ashley au Kaidan. Mahali hapohapo anaweza kumpoteza Wrex, mpiganaji wa jamii ya krogan. Anaweza kumsamehe au kumuua malkia wa mwisho wa viumbe wanaoitwa rachni. Aliyekufa mwaka 2007 hakuonekana tena mwaka 2012, na aliyesalimika alirudi akimtambua Shepard. Hivyo kila mchezaji aliingia katika sehemu ya tatu akiwa na mzigo wake, usiofanana na wa mwingine.

Mchezo wa tatu wenyewe unathibitisha kwamba watungaji walijua kuuhesabu mzigo huo. Tukio la Tuchanka, ambapo mwanasayansi Mordin anajitoa mhanga ili kuwaponya krogan ugonjwa wa utasa uliotengenezwa na jamii yake, hubadilika kulingana na nani aliyebaki hai. Ikiwa Wrex yupo, uponyaji una matumaini. Ikiwa hayupo na anayeongoza ni ndugu yake mwenye kisasi, mchezaji ana sababu ya kusita, na katika mazingira fulani hata Mordin anaweza kushawishika aache. Vivyo hivyo katika vita kati ya watu wa jamii ya quarian na mashine walizoziunda wenyewe, geth: amani inawezekana, lakini kwa yule tu ambaye maamuzi yake ya nyuma yaliiandalia njia. Matukio haya mawili ni ya huzuni, na hakuna lawama kubwa iliyoelekezwa kwake. Hoja kwamba wachezaji walitaka tu mwisho wa furaha inaanguka hapa.

4.0 Mwisho Wenyewe

Katika dakika za mwisho, Shepard akiwa amejeruhiwa anapandishwa hadi mbele ya kiumbe cha mwanga chenye umbo la mtoto aliyemwona akifa duniani mwanzoni mwa mchezo. Kiumbe hicho, kinachoitwa Catalyst, kinaeleza kwamba ndicho kinachowatawala Wavunaji. Kinadai kwamba viumbe hai siku zote huunda mashine zenye akili, na mashine hizo siku zote huwaasi na kuwaangamiza waundaji wao; uvunaji ndio njia ya kuizuia hali hiyo. Kisha Shepard anapewa njia tatu: kuwaangamiza Wavunaji pamoja na mashine zote zenye akili, kuwadhibiti, au kuviunganisha viumbe hai na mashine kuwa kitu kimoja. Kila njia huachia mlipuko wa rangi yake: nyekundu, buluu au kijani. Baada ya hapo, video zinazofuata katika toleo la awali zilikuwa karibu sawa.

Dosari tatu zinaonekana. Ya kwanza ni ya kimantiki. Mchezaji aliyewapatanisha geth na quarian amekuja na ushahidi unaoipinga kauli ya Catalyst, lakini hapewi hata sentensi moja ya kuutumia. Shepard, ambaye kwa michezo mitatu amewajibu wafalme, majemadari na mashine, ghafla anakuwa msikilizaji.

Dosari ya pili ni ya kimuundo. Mchezo wa tatu ulikuwa na daftari la nguvu za kivita, ambamo kila jamii iliyookolewa iliandikwa kwa pointi. Jumla ya pointi ndiyo iliyoamua kwa sehemu kubwa ni njia ngapi zitafunguliwa na madhara yatakuwa makubwa kiasi gani. Rachni waliosamehewa, krogan walioponywa na geth waliopatanishwa wote waligeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu zilizopungua upande mmoja ziliweza kufidiwa upande mwingine. Kwa maneno mengine, mzigo uliwekwa kwenye mizani bila kufunguliwa. Ukajulikana uzito wake, kilichokuwamo hakikuulizwa.

Dosari ya tatu ni ya ahadi. Miezi michache kabla ya mchezo kutoka, mwongozaji wake, Casey Hudson, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mwisho hautakuwa wa aina ambayo mtu anaweza kusema amepata mwisho A, B au C. Upeo wa matarajio, kwa hiyo, haukuwa ndoto ya mashabiki. Ulijengwa na faili la hifadhi, ukajengwa na Tuchanka, na ukathibitishwa kwa kauli ya mwongozaji.

Baada ya orodha ya watungaji linafuata onesho fupi. Mzee, kwa sauti ya mwanaanga Buzz Aldrin, anamsimulia mtoto habari za Shepard, na mtoto anaomba hadithi nyingine. Ni onesho linaloeleweka mara moja na yeyote aliyelelewa kwenye ngano: babu, mjukuu na nyota. Lakini linasisitiza upungufu uleule. Mtoto wa kwenye kioo anaruhusiwa kuuliza na kuomba, ilhali mchezaji aliyeibeba hadithi hiyo aliandikiwa, katika toleo la awali, ujumbe wa kumhimiza aendelee kujenga sifa za Shepard kwa kucheza zaidi na kupakua nyongeza.

5.0 Malalamiko na Utetezi

Malalamiko yalikuja kwa sura nyingi. Wapo waliovuka mpaka wa adabu wakawatukana waandishi. Jambo hilo halina utetezi. Wengine walikusanya zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya shirika la Child's Play, linalowasaidia watoto walio hospitalini, ili kuonesha kwamba madai yao hayakuwa ya chuki. Wengine wakaipelekea BioWare mamia ya keki ndogo zenye sukari ya rangi nyekundu, buluu na kijani juu yake, zote zikiwa na ladha ileile. Huo ulikuwa uhakiki kamili wa kimuundo, umefanywa kwa unga na sukari. Lilizuka pia kundi lililodai kwamba tukio lote la mwisho lilikuwa njozi iliyopandikizwa na Wavunaji kichwani mwa Shepard. Dai hilo halikuwa na uthibitisho wa mtungaji, lakini lina maana kwa mhakiki: hadhira ilijaza pengo ambalo mchezo haukulikusudia, kwa sababu pengo lililokusudiwa halikujazika.

Utetezi mkuu ulikuwa uhuru wa msanii. Ilidaiwa kwamba mwisho ni mali ya mtunzi, na kwamba kuubadilisha kwa shinikizo ni kuidhalilisha sanaa. Utetezi huu una uzito. Mwandishi akiandika kwa kura za wasomaji, fasihi haitapata kazi ngumu. Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), ziliwatatiza wasomaji wengi na bado zimebaki kati ya kazi kuu za Kiswahili. Hata hivyo, Kezilahabi anamtangazia msomaji wake ugumu huo tangu kurasa za mwanzo. Hamwahidi njia iliyonyooka kisha akamwacha njiani. Zaidi ya hayo, msomaji wa Nagona hakuombwa aamue nani afe. Uhuru wa msanii unamkinga mtunzi dhidi ya hadhira inayotaka kushika kalamu yake, lakini kinga hiyo inakuwa dhaifu kwa mtunzi aliyeitoa kalamu mwenyewe, akaiacha mikononi mwa hadhira kwa miaka mitano, kisha akaichukua ukurasa wa mwisho.

6.0 Funzo la Kwihara

Mwendo mfupi kusini-magharibi mwa mji wa Tabora kuna Kwihara, na hapo lipo tembe ambalo David Livingstone na Henry Stanley walikaa mwaka 1872. Historia ya mahali hapo inatoa kipimo kinachofaa kwa swali la makala hii.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, na wakaanza kuubeba kuelekea pwani. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe na kumkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapohapo. Walikataa. Walipokutana na upinzani wa kupitisha maiti mbele ya safari, waliufunga mwili upya ufanane na robota la kawaida la bidhaa, wakaendelea. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Kutoka hapo mwili ulichukuliwa na wenye meli. Kati ya waliousindikiza kutoka bara, Jacob Wainwright ndiye aliyesafiri nao hadi Uingereza. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, wakasaidia kuandaa shajara za mwisho za Livingstone zichapishwe.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Waliobeba mwili ule walihatarisha maisha. Mchezaji anahatarisha saa zake za mapumziko. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mhakiki hapaswi kuifanya mizigo miwili ilingane. Kinachofanana ni umbo la tukio. Pale Unyanyembe, aliyekuwa na cheo alipendekeza mwisho, na waliobeba wakaukataa kwa sababu walijua walichokibeba na walikokuwa wakikipeleka. Pale Bagamoyo, mwisho ulihamia mikononi mwa wengine, na wabebaji wakafika wakati shughuli imekwisha. Historia inawakumbuka Susi na Chuma kwa heshima kwa sababu ya kukataa kwao. Mass Effect 3 ulimpeleka mchezaji moja kwa moja Bagamoyo bila kumpa Unyanyembe.

7.0 Marekebisho na Kilichokosekana

BioWare ilitangaza mapema Aprili 2012 kwamba itatoa nyongeza ya bure, na nyongeza hiyo, Extended Cut, ilianza kutoka tarehe 26 Juni mwaka huohuo. Iliongeza mazungumzo na Catalyst, picha za hatima ya wahusika na ya jamii mbalimbali, na simulizi ya kufunga iliyotofautiana kwa kila njia. Kwa upande wa uwazi, kazi ilifanyika vizuri. Mapengo ya msuko yalizibwa, na picha za krogan au geth walionusurika zilikuwa angalau jaribio la kuufungua mzigo.

Lakini uamuzi wenyewe ulibaki mgeni kwa safari. Ushahidi wa amani ya geth na quarian bado haukuwa na mahali pa kutolewa. Badala yake iliongezwa njia ya nne: Shepard anaweza kukataa njia zote tatu. Akikataa, Wavunaji wanashinda na kizazi chake chote kinaangamia. Hadhira iliomba nafasi ya kujibizana ikapewa nafasi ya kugoma, na mgomo ukaadhibiwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba njia hiyo ya adhabu ndiyo inayokaribia zaidi kuwa mwisho unaostahili. Ndani yake, kumbukumbu alizoandaa mwanasayansi Liara kuhusu Wavunaji na makosa ya vita vile zinafukiwa ardhini, zinapatikana na kizazi kijacho, na kizazi hicho kinashinda. Msafara unaanguka njiani, ila mzigo unafika. Yawezekana watungaji hawakuliona hivyo. Hata hivyo, njia ya kukataa ndiyo pekee ambamo kilichobebwa kinatumika kwa kile kilichomo ndani yake, na hakuna tarakimu inayokizidi.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba mwisho wa Mass Effect 3 ulishindwa kwa kigezo kilichowekwa na kazi yenyewe. Mfululizo ulimfundisha mchezaji kwamba tendo lake lina kumbukumbu, kisha ukamaliza kwa mazungumzo yasiyokumbuka. Maelezo yaliyoongezwa baadaye hayakuweza kuziba nafasi hiyo, kwa kuwa hadhira haikuwa imeshindwa kuelewa. Ilikuwa imeshindwa kusikika.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, suala hili si la mbali. Bunilizi ya kisayansi ina mizizi katika lugha hii. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi inatosha kuwa ushahidi. Vijana wa Afrika Mashariki wanaanza kutunga michezo yao, na watahitaji wahakiki wanaoweza kusema ni wapi hadithi imefaulu na ni wapi imewaacha walioibeba. Makala inapendekeza kwamba pamoja na funzo na msuko, mwisho wa kazi shirikishi upimwe kwa kigezo cha tatu: je, mambo ambayo hadhira iliombwa ibebe yamefunguliwa na kutumika? Inapendekezwa pia kwamba dhana za fanani na hadhira zisiachwe katika sura za fasihi simulizi peke yake, kwa sababu zina uwezo wa kuieleza michezo hii kuliko dhana nyingi za kuazima. Fanani wa ngano iliyomo katika mkusanyiko wa Steere alikubali kwamba ubaya wa hadithi ni wake peke yake. Mtungaji wa mchezo aliyegawana utunzi na mchezaji anapaswa kukubali pia nusu ya kwanza ya kanuni hiyo, kwamba uzuri wa hadithi ni wa wote, na kumwachia mwenzake nafasi ya kutenda hadi neno la mwisho.